Shimo Hili ni la Nini?

Wa kwanza kuuliza alikuwa kijana anayetuletea maji kwa toroli. Alisimama getini na madumu yake sita, akachungulia, kisha akavua kofia.

"Poleni sana, mzee. Nani katutoka?"

Nilikuwa ndani ya shimo, udongo ukinifika mapajani, sululu mkononi, siku ya tatu ya kuchimba. Nikamwambia hakuna aliyetutoka, shimo ni la boga. Akalitazama upya, urefu mita mbili, upana mita moja na nusu, akairudisha kofia kichwani taratibu kama mtu anayeiheshimu familia ambayo bado haijawa tayari kutangaza. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakaja majirani watatu, wamejifunga khanga mbilimbili, na mchele kilo tano kwenye mfuko. Mchele tuliwarudishia. Chai wakainywa, maana mtu akishajifunga khanga ya msiba alfajiri hawezi kurudi nyumbani hivihivi, na wakati wa kuondoka mmoja alinishika mkono akaniambia nijikaze.

Chanzo ni simu. Oktoba 2025 mpwa wangu alinitumia picha ya Waingereza wawili, mapacha, Ian na Stuart Paton wa mji wa Lymington, wamesimama kando ya kitu nilichodhani ni gari lililofunikwa turubai. Lilikuwa boga. Kilo 1,278.8. Walikuwa wameivunja rekodi ya Mmarekani Travis Gienger, ambaye boga lake la mwaka 2023 lilipimwa California likafika kilo 1,246.9. Kirikuu inayoleta matofali mtaani kwetu haifikii uzito huo hata ukijumlisha dereva, utingo na ugomvi wao.

Mimi sijashinda kitu chochote tangu mbio za magunia darasa la tano. Lakini boga nalijua. Nimekula boga la nazi kila Ramadhani kwa majirani, nimekula boga la kuchemsha kila msimu kwetu, nikajiambia hawa watu wanalima mmea uleule, kwenye nchi ambayo jua hulipata kwa miadi. Sisi jua tunalo hadi tunalikimbia. Tatizo letu nini?

Usiku ule nikasoma mpaka bando likaisha. Nikajifunza kuhusu Howard Dill, mkulima wa Windsor huko Nova Scotia, Kanada, aliyechagua mbegu miaka na miaka mpaka akapata aina inayoitwa Atlantic Giant, bibi na babu wa haya majitu yote. Nikajifunza kwamba mmea mmoja tu huweza kupewa eneo la karibu mita za mraba 90, ambalo kwetu mtu angejenga vyumba vitatu na choo cha ndani. Kwamba matunda yote hukatwa likaachwa moja. Kwamba hilo moja, likikolea, huongeza hata kilo 20 kwa siku. Na wote, wa Marekani na wa Uingereza, walishikilia neno moja: kazi kubwa hufanyika kabla ya mbegu, kwenye udongo. Andaa udongo miezi kadhaa mapema. Lainisha. Chimba.

Neno "chimba" nililielewa kupita kiasi.

Kiwanja chetu kipo Kihonda, Morogoro, na milima ya Uluguru tunaiona vizuri kabisa, hasa siku tunapotaka kujua mvua inawanyeshea watu gani. Nafasi niliyoipata ilikuwa kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, mita tatu kwa nne. Sikukumbuka, ingawa nilikuwepo, kwamba hapo ndipo mafundi walipokuwa wakichanganyia zege tulipojenga. Sululu ya kwanza iligonga ikatoa cheche. Chini ya majani kulikuwa na sentimita kumi za saruji iliyoganda, kisha kokoto, kisha mfuko wa saruji wenyewe, kisha misumari, ndala ya mguu wa kushoto, vizibo vya soda vya kutosha harusi moja, na chini kabisa kijiko kikubwa cha chakula chenye maua kwenye mpini.

Mke wangu alikiosha kijiko kile, akakitazama muda mrefu bila kusema neno. Kilipotea mwaka 2014, na kilipopotea ilisemwa, na aliyesema namjua, kwamba wifi fulani aliyekuja kututembelea ana tabia ya kuondoka na vitu. Wifi huyo ni dada yangu. Kazi ya shamba ikasimama siku nzima, simu ikapigwa Singida, machozi yakatoka pande zote mbili. Dada yangu alisamehe, kisha akataka atumiwe kijiko.

Udongo wenye saruji una shida nyingine isiyoonekana kwa macho. Boga linapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.8 hivi, saruji na chokaa huuvuta upande wa pili. Nilichukua siki ya achari jikoni nikamwaga juu ya konzi ya udongo, ukatoa povu kama andazi lililotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Hiyo ndiyo dalili kwamba chokaa imejaa. Ikabidi kuchekecha udongo wote kwa chekeche la mchanga na kutoa vipande kimoja kimoja, wiki nzima, huku wapita njia wakiniuliza dhahabu inaonekanaje.

Hapo ndipo lilipoanza lile suala la Mjerumani.

Wasomaji wa Bara mnaijua habari hii. Kila mkoa wa Tanzania una mtu anayemjua mtu mwenye ramani ya mali iliyofukiwa na Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita. Mtu mzima, mwenye akili zake, anachekecha udongo kwa wiki nzima, anaficha kitu alichokipata (mke wangu alikuwa amekifunga kijiko kwenye gazeti), kisha anasema analima boga? Mtaa haukuwa mjinga kiasi hicho. Jumatano moja niliamka nikakuta shimo langu limeongezeka kina nusu mita. Limechimbwa usiku, kwa ustadi, kingo zimenyooka, udongo umerundikwa upande mmoja kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Wamesahau tochi na chupa ya maji.

Mke wangu alitaka twende polisi. Mimi nilipiga hesabu ya kibarua wa siku mbili nikaona hakuna aliyeibiwa. Kusema kweli nilijaribu, kwa sauti ya siri, kumwambia mama mwenye genge pale kona kwamba upande wa kamba ya nguo ndiko hasa kwenye wasiwasi. Nikaacha na koleo nje. Hakuja mtu.

Mjumbe alikuja badala yake. Aliniuliza kama nina kibali cha karo la choo. Nikamwambia ni boga. Akaniuliza kama boga hilo litaunganishwa na choo cha ndani au cha nje. Baada yake alikuja fundi wa makaro, kisha mtu wa visima akiwa na fimbo mbili za shaba za kutafutia maji, na watoto wa jirani waliokuja na taulo. Kwa siku kumi na nne nilijifunza kwamba ukiwa na shimo tupu, kila anayepita anaona ndani yake kile anachokikosa kwake. Mimi niliona kilo 1,279.

Rafiki yangu mmoja ni bwana shamba mstaafu. Nilimwalika Jumapili aje aone kazi. Alizunguka shimo mara mbili, mikono nyuma, akaomba ndoo nne za maji, akazimwaga ndani na kuangalia saa yake.

"Tunywe chai," akasema.

Tukanywa chai, tukala wali na maharage, tukaangalia mpira wa Simba na Yanga wa marudio. Maji yalikuwa palepale. Kesho yake yalikuwa palepale. Jumanne chura alikuwa amehamia, na usiku alitoa sauti ya kutufahamisha kwamba amepapenda. Udongo wa chini ulikuwa mfinyanzi mtupu.

"Boga halipendi kusimama majini," rafiki yangu akaniambia kwa simu. "Mizizi inakosa hewa, inaoza. Kwa udongo wako ilitakiwa upande juu ya tuta. Tuta lililonyanyuka."

"Tuta," nikasema.

"Tuta. Kwani nani alikwambia uchimbe shimo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa majuma matatu ya maisha yangu, namtazama chura.

Aliyeniokoa ni Mwalimu, jirani wa nyuma, Mmatengo wa Mbinga aliyestaafia Morogoro. Muda wote huo alikuwa akichungulia juu ya ukuta bila kuuliza swali lolote, jambo lililonitia shaka zaidi kuliko maswali ya wengine. Siku hiyo alizunguka akaingia getini amevaa gambuti.

"Nilikuwa nasubiri nione utalaza majani lini," akasema. "Nikadhani unalima ngoro."

Ngoro ndiyo kilimo cha kwao. Wamatengo wameishi kwenye miteremko mikali ya Mbinga kwa vizazi, na mvua ya kule ingekuwa imeshawaachia mawe matupu kama si ngoro. Wanafyeka majani, wanayapanga chini katika mistari inayokatana kama madirisha, halafu katikati ya kila dirisha wanachimba, na udongo unaotoka wanaufukia juu ya majani. Unapata shimo, na kuzunguka shimo unapata tuta nene lenye majani yanayooza ndani yake. Mahindi na maharage wanapanda juu ya tuta. Shimo kazi yake ni kukamata maji na udongo unaoteremka. Ukitazama mlima mzima kwa mbali unaonekana kama sega la nyuki.

"Kwa hiyo shimo langu halikupotea?" nikauliza, sauti ikinitetemeka kidogo.

"Shimo zuri sana. Limekosa tuta tu." Akakohoa. "Ila kwetu, mwenzangu, wanaume tunafyeka na kulaza majani. Kuchimba shimo ni kazi ya kina mama."

Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Alimgeukia Mwalimu akamwambia kwamba hii ni Morogoro, kisha akaendelea kuanua.

Tukakata majani ya kandokando ya reli, tukayalaza kuzunguka shimo, unene wa goti, tukafukia juu yake ule udongo uliochekechwa. Kwa mara ya kwanza mahali pale palifanana na kitu kinachotarajiwa kuota. Kilichobaki kilikuwa samadi, na hapa naomba nisimulie polepole.

Niliagiza samadi ya ng'ombe, kavu, iliyokaa bomani mwaka mzima mpaka haina harufu, unaweza kuishika kwa mkono kama tumbaku. Nilielewana na dereva wa kirikuu ailete Ijumaa. Ijumaa hakutokea. Jumamosi, saa nne asubuhi, tulikuwa na wageni: tulikuwa tunapokea posa ya binti wa marehemu shemeji yangu, tuliyemlea sisi. Upande wa kijana walitoka Kilosa, watu tisa, wazee wa kanzu na kina mama wa madira, na mshenga mwenye suti ya rangi ya maziwa. Walikuwa wanashuka kwenye Noah wakati kirikuu ilipopinda kona.

Dereva alikuwa na haraka. Samadi ya ng'ombe ilikuwa imeisha, akaniambia kupitia dirishani, kwa hiyo tajiri wake ameamua kunisaidia na mbolea ya kuku, mbichi, iliyotolewa bandani asubuhi hiyo hiyo, na kwamba hii ina nguvu zaidi. Hakudanganya. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, na naitrojeni hiyo ikiwa mbichi hugeuka amonia, na amonia ndiyo ile inayoingia puani ikakutoa machozi kabla hujajua unalilia nini. Nilimpungia mkono aondoke. Yeye akaelewa namwonyesha mahali pa kumwaga. Akaimwaga getini, tripu nzima, kati ya Noah na mlango wa sebule.

Wageni walipita pembeni kwa adabu, wameshika kanzu na madira juu ya vifundo vya miguu. Tukawakaribisha. Tukafunga madirisha, joto likazidi. Tukayafungua, ikazidi ile nyingine. Inzi waliingia kama waliokuwa na mwaliko wao. Soda zikafunguliwa na kufunikwa kwa viganja. Kisha mshenga akasimama, akajinyoosha suti, na kwa sauti ya mtu aliyeikariri hotuba tangu Kilosa akaanza:

"Wazee wetu, sisi ni wapita njia. Tulikuwa tunapita zetu, tukavutwa na harufu nzuri ya ua lililomo humu ndani..."

Akanyamaza. Macho yalikuwa yanamtoka machozi. Chumba kizima kikatazama sakafu. Nilimwona bibi mmoja wa upande wao mabega yakimtikisika, akauma pindo la mtandio. Kimya kile kingeweza kutuvunjia ndoa kama si baba mdogo wa mke wangu, mzee ambaye huwa hasikii vizuri lakini siku hiyo alisikia, aliyeinua fimbo yake na kusema, "Ukipenda boga, mwanangu, penda na ua lake." Yeye alimaanisha ua wa nyumba, akionyesha nje kwa fimbo. Sebule ilipasuka. Mshenga alicheka mpaka akaketi. Posa ilipokelewa, na mahari haikupunguzwa hata senti, ingawa walijaribu kuitaja hali ya hewa.

Mbolea mbichi huwezi kuipandia. Inaunguza miche kama maji ya moto. Inabidi iivishwe. Tuliichanganya na majani makavu, pumba na mabua, tabaka juu ya tabaka, maji kidogo, tukafunika kwa majani ya migomba. Rundo la namna hiyo linapata moto lenyewe kutokana na vijidudu wanaolila, likifika nyuzi 60 si ajabu. Kipimo chake ni rahisi: unachoma kijiti au chuma katikati, unakiacha dakika kumi, unakitoa na kukishika. Kikiwa cha moto, bado linapika. Nilitumia kipande cha nondo kilichotoka shimoni. Siku ya tano nilikishika kwa kujiamini na sasa nina alama kiganjani ambayo watu huidhani ni ya fundi wa kuchomelea.

Kitinda mimba wetu alikuwa anasoma darasa la nne, na alikuwa amefundishwa kwamba joto hupika. Alifukia yai ndani ya rundo bila kumwambia mtu. Jioni alilitoa, akalimenya: ute umeganda nusu kama uji uliopoa. Kufikia hapo lilikuwa jaribio zuri la sayansi. Kosa lake ni kwamba alifukia mayai matatu na kukumbuka moja. Tulipogeuza rundo baada ya wiki mbili, koleo langu likayakuta mawili. Amonia ya kuku, niliyokuwa nimeshaizoea, ilionekana marashi.

Wiki ya saba rundo lilikuwa limepoa, limekuwa jeusi na la kunyumbulika, linanukia msitu baada ya mvua. Tukalichanganya kwenye tuta. Mapema Machi mawingu yakakaa juu ya Uluguru na safari hii yakateremka mpaka kwetu.

Mbegu sikuagiza Kanada. Nilinunua boga kubwa kuliko yote niliyoyaona Soko la Chifu Kingalu, nikaligombania bei na mama mmoja wa Matombo, nikalila na kutunza mbegu. Bwana shamba alinionya. "Mbegu ya boga la kilo kumi ukiipa tuta la boga la tani moja," alisema, "itakupa kilo kumi na tano na shukrani." Sikutaka kumsikiliza. Nilipanda tano, nikaacha mche mmoja uliokuwa na shingo nene, nikauzungushia chandarua cha zamani kwa ajili ya kuku wa jirani, ambao tangu tuta likamilike walikuwa wanaripoti kazini saa moja kamili.

Sitasimulia kila jani. Ulipopata jani la tano mmea ule uliondoka. Majani yakafika ukubwa wa ungo, kamba ikapita chini ya kamba ya nguo, ikapanda tangi. Maua yalikuja, kumi, kumi na tano, yote madume, yanachanua alfajiri na kusinyaa kabla jua halijawa kali, nami nikaanza kuona aibu kama baba wa ukoo usio na mabinti. Hivyo ndivyo ilivyo, madume hutangulia. Ua jike likaja wiki ya pili, unalitambua kwa kitunda kidogo nyuma yake. Sikutaka kuwaachia nyuki jambo zito kiasi hicho. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitoka na bukta, nikachuma ua dume, nikalivua petali, nikainama kulipaka chavua yake lile jike. Nilipoinua kichwa, kijana wa maji alikuwa getini. Hakuvua kofia safari hii. Aliweka madumu chini na kuondoka bila kudai hela.

Kitunda kikashika. Kikawa ngumi, kikawa kichwa cha mtoto. Nikakata vitunda vingine vyote, nikapogoa matawi ya pembeni, nikabakiza shina kuu na matawi mawili yenye majani makubwa ya kulilisha boga. Kila jani, nilimweleza mke wangu, ni jiko. Lile boga linakula kwenye majani. Yasiguswe.

Mama mkwe wangu alikuja mwezi wa nne kwa ajili ya kliniki ya macho. Ni Mluguru wa juu, wa Mgeta, na kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, jambo ambalo yeye hulitaja taratibu kila anapokaribia kuingia kiwanja chochote cha bintiye. Nilimtembeza kwa fahari. Shikamoo mama, hili ndilo tuta, hili ndilo shimo.

"Ulilazimishwa na nani, baba?" akaniuliza.

Nikadhani hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia. Mwaka 1955, akiwa mtoto mdogo, serikali ya Mwingereza iliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani, na Waluguru wakachoka, wakaandamana, vurugu zikatokea, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliotupa jembe. Mradi ule ukafa. "Baba yangu alikataa kuchimba na askari wamesimama," akasema. "Wewe umechimba hata Mzungu hayupo." Akaliangalia boga, kisha majani, kisha boga tena, akatikisa kichwa. "Na kwetu boga huota jalalani."

Nilikwenda kazini. Jioni nilikuta meza imeandaliwa: ugali wa dona, na bakuli la mboga ya kijani iliyopikwa kwa karanga. Nilikula. Nikaongeza. Nilimwambia mama, na mke wangu ni shahidi, kwamba tangu nizaliwe sijawahi kula mboga ya majani iliyotolewa nyuzi kwa ufundi namna ile.

"Ni yako mwenyewe, baba," akasema. "Yalikuwa yanazeeka bure. Na ncha zake laini zile, nikasema nizichume kabla hazijakomaa."

Niliweka tonge chini. Nilitoka na tochi. Matawi yote mawili hayakuwa na ncha, wala shina kuu. Majani machanga yote yalikuwa yameondoka, yamebaki makongwe manne na boga katikati, limekaa kama mtu aliyenyolewa akiwa amelala. Mama mkwe alikuwa amejaza kikapu. Alichopika ni robo. Kilichobaki aliwagawia majirani, pamoja na wale watatu wa khanga, ambao walisema Mungu hamtupi mja wake, walijua tu kwamba siku moja shimo lile litawapa kitu.

Ningefanya nini? Mama mkwe huwezi kumfungulia mashtaka. Na sahani, kusema ukweli, nilirudi nikaimalizia.

Boga liliendelea kidogo kidogo kwa majani manne. Lilikomaa mwezi wa saba, mkia umekauka, ganda likigonga kama mlango. Mzani wa nyumbani ulikataa kulisoma kwa sababu linaviringika, kwa hiyo tulilipeleka kwa kijana wa vyuma chakavu mwenye mzani wa kuning'iniza. Alilitia kwenye kiroba, akalitundika palepale anapotundika betri na redieta.

"Kumi na sita na nusu," akasema. "Chuma hiki kilo shilingi ngapi, mzee?"

Nilimpigia simu bwana shamba. Alisema kilo moja na nusu ya ziada ndiyo hizo shukrani. Tulilipika lote kwa nazi, sufuria mbili, na walikula watu ishirini na saba, pamoja na mshenga, ambaye sasa ni mtu wa nyumbani na aliyeomba aonyeshwe ua.

Tulipotoka nje kumwonyesha ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimelitazama shimo lenyewe tangu Aprili. Mama mkwe, kabla ya kurudi Mgeta, alikuwa ametumbukiza humo vichwa vya magimbi alivyokuja navyo kwenye kikapu. Hakumuuliza mtu. Magimbi hupenda maji yaliyosimama na udongo mzito, na kwenye shimo langu yalikuta vyote, pamoja na mbolea yote iliyoteremshwa na mvua kutoka kwenye tuta. Majani yake yalinifika kifuani. Chura alikuwa chini, kivulini, amenenepa.

Mjumbe alikuwa anapita. Akasimama ukutani, akachungulia.

"Shimo hili ni la nini?"

"La magimbi," mke wangu akajibu.

"Ahaa," akasema mjumbe, akaendelea na safari yake.